Petroli ya Akiba Ikae Nje

Nawaandikia ninyi mnaoshika sasa usukani wa gari za hospitali yetu pale Baraka, kando ya ziwa. Hamkuniomba. Niliacha kazi mwanzoni mwa mwaka huu, na tangu hapo nakaa nyumbani nikisikia gari zikipita, nikijua kwa mlio ni ipi, nani anaiendesha, na nani anachelewa kubadili gia. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, basi msitafute maneno makubwa. Juu ya cheo sina la kusema, maana dereva hapandishwi cheo, anapandishwa mlima. Nitaandika juu ya jambo moja: mahali pa kuweka petroli ya akiba kwenye jip ndogo. Jambo hilo lilimchukua mtu niliyempenda, na sitaki limchukue mmoja wenu.

Siku ya kwanza nilikuja kazini na shati jeupe. Dereva mkubwa alikuwa Papa Asukulu, mwanamume mfupi mwenye masharubu, ambaye mikono yake haikutakata hata Jumapili. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

“Umekuya kuoa?”

“Apana, Papa. Nimekuya ku kazi.”

“Basi vua. Ndani ya hii gari, nguo nyeupe inamaliza siku moja. Na hiyo siku iko leo.”

Alisema kweli. Jioni mama yangu aliliweka shati lile kwenye vitambaa vya kufutia taa.

Jip yenyewe ilikuwa fupi, milango miwili mbele na mmoja nyuma, benchi mbili za kutazamana. Ilipanda mahali ambapo mbuzi anasimama kwanza afikiri. Ila tangi lake lilikuwa dogo. Ukitoka Baraka, ukapanda Fizi, ukapita tena kwenda vituo vya afya vya mbali, mshale ulikuwa umelala kabla hujaanza kufikiria kurudi. Na huko mbele hakuna kituo cha petroli. Kuna meza ya mbao yenye chupa, na anayeuza anajua peke yake alichotia ndani. Kwa hiyo ni lazima ubebe bidoni, dumu la petroli ya akiba. Kila dereva wa huku kwetu anaijua bidoni yake jinsi mfugaji anavyomjua ng’ombe wake.

Papa Asukulu alinifundisha kwanza mambo ya bidoni, ndipo akanipa funguo. Usiijaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya kiganja, kwa sababu ukitoka ziwani ukapanda milimani bidoni inavimba kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Wakati wa kuijaza iweke chini kwenye udongo, usiijaze ikiwa juu ya chuma cha gari. Zima injini, ngoja ipoe, chuja kwa kitambaa cha kitenge kilichokunjwa. Ifunge kwa kamba za mpira zilizokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi, na baada ya kila daraja bovu shuka uzishike kwa mkono. Macho yanadanganya kwa kamba. Jua likiwa kali, ifunike kwa gunia lenye maji.

Shida ilikuwa vizuizi. Mnavijua: mti mmoja umelazwa barabarani, na vijana wenye bunduki wamekaa pembeni. Bidoni ikionekana, inaombwa. Wakati ule tuliifunga nyuma karibu na tairi la akiba, na mara nyingi tulirudi nayo tupu.

Papa Asukulu akatafuta akili. Alichukua bidoni ya njano ya mawese, nyekundu mdomoni mpaka kwenye mkono, akaiosha kwa maji ya moto na sabuni, akaijaza petroli. Kwa nje aliiacha na uchafu wake. Kizuizini wakauliza kuna nini ndani.

“Mawese ya shangazi.”

Kila gari inayopanda kutoka ziwani inabeba mawese ya shangazi wa mtu. Wakatuacha. Tulicheka tangu pale mpaka njia ikaanza kuwa mbaya. Lakini mawese hayatoki kwa sabuni hivi hivi. Petroli iliyasugua ndani kuliko tulivyosugua sisi, ikayapeleka kwenye tangi. Huku chini kwenye joto yalipita. Kule juu kwa wafugaji, ambako asubuhi unaona pumzi yako, yaliganda kwenye chujio na kwenye vitundu vya kaburateta kama yanavyoganda juu ya sahani ya maharage. Injini ikakohoa, ikazima katikati ya ng’ombe. Mwenye ng’ombe akaja na fimbo yake, akazunguka gari.

“Iko mugonjwa?”

“Ilikula mawese mingi,” Papa Asukulu akajibu, kichwa kikiwa ndani ya injini.

“Sisi tunapatiaka ngombe chumvi,” yule mzee akasema. “Mujaribu.”

Tulifungua kaburateta juu ya gunia, tukapuliza kitundu kimoja kimoja kwa mdomo. Masharubu ya Papa Asukulu yalinuka petroli wiki nzima, na mke wake alikataa kula naye sahani moja. Bidoni ya mawese tuliirudishia mawese.

Baada ya hapo madereva wote tukaanza kuificha petroli ndani, chini ya benchi, na kitenge juu yake. Vizuizini tulipita vizuri. Waganga wa hospitali waliokaa nyuma walilalamika kichwa kinauma, wengine walitapika. Tukawaambia ni kona za njia.

Ilikuwa wakati wa jua kali. Papa Asukulu alikuwa anarudi kutoka Mboko na Wabiwa, muganga wa maternite, wodi ya wazazi, pamoja na mzee mwenye ngiri aliyekuwa anakuja kupasuliwa. Walipofika Lweba wakasimama kununua samaki. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Gari ikakaa juani, na bidoni chini ya benchi ikavimba na kutoa jasho kwenye kifuniko. Wabiwa na mzee walikuwa wamekwisha kupanda tena wakati Papa Asukulu aliposikia harufu. Aliwapigia kelele washuke, akazunguka mbio kufungua mlango wa nyuma aitoe bidoni. Mlango ule ukifunguka, taa ndogo ya ndani inawaka. Waya wa taa ile ulikuwa umechubuka, ukatoa cheche.

Sikuwepo. Haya niliambiwa na Wabiwa, ambaye ana kovu toka bega mpaka kwenye kiwiko. Yeye aliruka mwenyewe. Mzee alivutwa kwa miguu na Papa Asukulu, ambaye tayari shati lake lilikuwa linawaka. Mzee yule alipasuliwa baadaye na akapona.

Nilikaa karibu na kitanda cha Papa Asukulu mpaka mwisho. Hakuweza kushikwa popote, basi nilishika chuma cha kitanda. Siku moja akafungua macho.

“Etabo. Gari iliungua yote?”

“Yote, Papa.”

“Sasa nani atafika Kazimia na chanjo?”

“Tutapata ingine, Papa. Lala.”

Akafumba macho, nikafikiri amelala.

“Ukipewa ile ingine,” akasema, “ikae inje. Bakunywe yote kama banataka. Ikae inje.”

Mimi ndiye niliyeendesha gari iliyobeba mwili wake. Watu walisema Etabo ana moyo mgumu, hakulia. Nilikuwa nashika usukani, na njia ya makaburini pale ina mashimo. Sikutaka atikisike.

Jip nyingine ilipokuja, nilikwenda kwa daktari mkuu na kumwambia kuwa nataka kutengeneza kiti cha chuma cha bidoni, nje, nyuma. Hakuwa mtu mbaya, na alilosema halikuwa la kijinga.

“Papa Etabo, wataichukua. Halafu utabaki njiani na mgonjwa. Moto ulitokea mara moja. Vizuizi viko kila siku.”

“Ni kweli, Dokta.”

“Na mgonjwa akifia njiani?”

“Nitajibu mimi. Lakini ndani haiingii.”

Alinitazama, akarudi kwenye kazi zake. Nikachukua kule kutosema kwake kuwa ruhusa.

Fundi wa kuchomelea alikuwa Ramazani, wa kule ziwani. Nilimchorea mchangani.

“Hii ni kitanda ya bibi wa pili?” akauliza.

“Ya bidoni.”

“Bidoni yako inalala vizuri kunipita mimi.”

Alinikataza kusogeza gari mpaka bidoni imepelekwa nyumba ya tatu, mbali na cheche zake, na hapo nikajua ni fundi kweli. Kiti cha kwanza tulikifunga kwenye mlango wa nyuma. Hilo msilifanye. Uzito ule ukitikiswa njia nzima, bawaba zinakatika, na mlango unaanguka na kila kitu. Cha pili tulikishikisha kwenye chasi yenyewe, upande wa kushoto, kwa kuwa moshi unatokea kulia. Na mjue kwamba bidoni iliyojaa nyuma inainua pua ya gari kwenye kupanda kwa udongo wa utelezi. Hapo mtu mzito akae mbele. Waganga wembamba mtaniwia radhi.

Miezi ya kwanza vizuizi vilinila. Walininyonyea petroli kwa mpira huku nikiangalia. Madereva wenzangu walinicheka: “Etabo anatembeza bidoni yake kama bibi arusi.” Mara moja nililala kwa padri kwa sababu nilishindwa kurudi. Nilikuwa na kichwa cha kondakta mlevi, sikubadili kitu.

Halafu ikaja siku ya Riziki.

Riziki alikuwa mama kijana wa kijiji cha milimani, mbali na njia ya Fizi. Alikuwa na uchungu tangu siku iliyotangulia na mtoto hatoki. Ujumbe ulifika asubuhi kwa mtu wa pikipiki: wanamleta kwa kipoyi mpaka kituo cha afya, gari imchukue hapo. Kwa wasiojua, kipoyi ni kitanda kilichofungwa kwenye miti miwili, watu wanne wanakibeba mabegani. Kijiji kimoja kinambeba mgonjwa mpaka mpaka wake, na kijiji kinachofuata kinapokea. Hakuna anayeuliza huyo ni mke wa nani. Mgonjwa hawekwi chini barabarani. Akifia kwenye mikono ya kijiji kilichokataa kupokea, kijiji hicho kitasikia habari hiyo kwenye kila msiba na kila harusi.

Tuliondoka mimi na Wabiwa, tangi limejaa na bidoni imejaa. Tangi la kupanda, bidoni ya kurudi, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia na gia ndogo zinakula sana. Tukiwa bado juu ya bonde, Wabiwa akaona kizuizi chini, mahali ambapo hapakuwa nacho.

“Papa Etabo, simama.”

Nikasimama.

“Tuingize bidoni. Mpaka kupita pale tu. Nitaweka miguu juu yake, nitatandika kitenge.”

“Apana, Mama Wabiwa.”

“Mi ndiye niliungua, haiko wewe! Mi ndiye ninakwambia tuingize! Bakiibeba, tutafika juu, hatutarudi. Uyu mama atakufia mikononi yangu.”

Alivuta mkono wa blauzi juu, kovu lote likaonekana. Kumwaga kwenye tangi haikuwezekana, lilikuwa bado limejaa. Kuificha porini ili niichukue wakati wa kurudi, haikuwezekana, maana hapo ndipo nisingekuwa na uhakika wa kuikuta. Niliwaza Papa Asukulu, niliwaza pia mama nisiyemjua aliye kwenye miti ya kipoyi. Nikaweka gia, tukateremka.

Kizuizini walikuwa vijana wapatao sita. Mkubwa wao hakuwa na viatu, alikuwa na kofia nzuri.

“Mzee, iyo esansi inatutosha. Fungua.”

Nikashuka. Nikafungua kamba zangu moja moja, nikaiweka bidoni mbele yake.

“Chukua.”

Alishangaa kidogo. Nikarudi kwenye gari, nikatoa panga tunalobeba kwa ajili ya matope, nikaenda pembeni kwenye miti myembamba, nikaanza kukata.

“We mzee, unafanya nini?”

“Nakata miti ya kipoyi.”

“Kipoyi ya nani?”

“Ya mama tunaenda kumuchukua. Anashindwa kuzaa. Esansi yenye iko ndani ya gari itanifikisha juu, itanirudisha paka hapa kwenu. Hapa itakwisha. Kwa hiyo kutoka hapa paka Baraka njo nyinyi mutamubeba.”

Mmoja akacheka. Nikaendelea kukata. Nilipata mti wa kwanza, mnyofu, nikaanza kuuambua maganda.

“Simameni tuone mabega,” nikawaambia. “Benye kulingana bakae mbele pamoja. Wewe murefu, utakaa nyuma, kwa kushuka mulima. Na wewe wa kofia, unapaswa kutafuta viatu.”

“Unatucheka, mzee?”

“Nikicheka, ningekata mutoto wa muti. Angalia iyi. Inabeba muntu.”

Wabiwa alishuka. Nilifikiri anakuja kunitukana. Alikwenda kwa yule mrefu, akampima bega kwa mkono, kama anayepima kitambaa.

“Uyu atafaa,” akasema. “Mama yako anaitwa nani, nikifika nimwambie uko unabeba?”

Yule kijana akarudi nyuma hatua moja. Akamwambia mkubwa wake polepole, lakini nilisikia: “Shefu, kipoyi itakuya hapa. Ikisimama hapa, batasema ni sisi.”

Mkubwa wao akatazama bidoni, akatazama mti mkononi mwangu. Hakuwa na haya, alikuwa anahesabu. Akachukua chupa, akaijaza kutoka bidoni yangu, kwa ajili ya pikipiki yake. Siandiki kwamba walikuwa malaika.

“Beba mafuta yako. Na iyo miti yako pia, isikae hapa.”

Nikafunga bidoni mahali pake, nje, na miti miwili juu ya gari. Tulipoondoka Wabiwa aligeuka kutazama bidoni. Kisha akasema, “Kama bangechukua yote?”

“Sijui,” nikamwambia. Na mpaka leo sijui. Asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba nilijua.

Tulimkuta Riziki. Tulipakia yeye na mama yake. Wakati wa kurudi, nilipokaribia kizuizi, mti ulikuwa umekwisha kuinuliwa kabla sijapunguza mwendo, na yule mrefu alikuwa amegeuza uso upande wa porini. Petroli ilitufikisha mpaka nyumba za kwanza za Baraka. Hapo injini ikazima, na watu waliokuwa wanatoka sokoni walitusukuma mpaka langoni mwa hospitali. Iliyopungua ni ile chupa moja, basi.

Mtoto alikuwa amekwisha kufa kabla hatujafika milimani. Wabiwa alijua tangu alipoweka mkono tumboni, na hakusema mpaka mama alipopasuliwa na kuwa salama. Riziki aliishi. Alipoamka alitaka kujua kama mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa wa kike.

Habari ya kukata miti ilitembea kuliko gari. Kwenye vizuizi vingine waliita, “Ile ni gari ya kipoyi, iache ipite, itatupa kazi.” Si vyote. Waliendelea kunichukulia hapa na pale. Lakini ndani haikuingia tena siku hata moja, na madereva wawili walikuja kwa Ramazani kimya kimya kuchomelewa kiti kama changu.

Sasa hivi mmeletewa jip mpya. Imekuja bila kiti cha bidoni, na rangi yake ni nzuri, hamtaki kuitoboa. Dereva wake ni Alimasi, ambaye nilimfundisha mwenyewe. Niliona bidoni nyuma ya kiti chake, imefunikwa na koti. Nikamuuliza.

“Papa Etabo, wewe ulisha pumzika. Tuachie.”

“Mi nimepumzika. Esansi haijapumzika.”

“Vizuizi vya sasa si vya zamani. Bale ba zamani balikuwa na haya.”

“Hawakuwa na haya, mwanangu. Nilikuwepo.”

Akacheka, mlinzi wa lango naye akacheka, akasema wazee wakikosa kazi wanakuwa makamanda wa parkingi. Sikukasirika. Nilirudi asubuhi iliyofuata, kabla hajaondoka, nikasimama nyuma ya gari nikanyoosha shingo. Ilikuwa ndani. Nikakaa chini mbele ya gurudumu, kwa sababu magoti yangu hayasimami muda mrefu, na nikamwambia siondoki. Wabiwa, ambaye bado yuko maternite, akatoka akakaa karibu nami na kikombe chake cha chai. Akaiweka ile chai kwenye mkono wenye kovu.

Alimasi alisimama na funguo mkononi. Kulikuwa na mgonjwa anayemngoja Kazimia, na sote tulijua hivyo, hata mimi. Akatukana kidogo, kwa Kifaransa, ili nisielewe. Akatoa bidoni, akaifunga nyuma kwenye tairi la akiba kwa kamba zake mbovu. Nikainuka, nikazishika kwa mkono, nikafungua moja nikafunga upya. Akaondoka akitimua vumbi juu yangu kwa makusudi.

Ramazani amekwisha kupima chuma cha kiti kipya. Alimasi anasema hatatoboa rangi. Jana bidoni ilikuwa nje. Leo asubuhi ilikuwa nje pia, na kamba mpya. Kesho nitapita tena.